Herufi Saba za Krismasi

Jumatatu, 8 Desemba 1986

Shajara imefika asubuhi kutoka kwa dada Olive huko New Zealand, imefungwa kamba nyingi utadhani ndani mna mbuzi. Olive anataka niandike kila siku, halafu nimpelekee kurasa zote mwaka mpya, maana anasema barua zangu ni fupi kama telegramu. Haya, dada, salamu kwanza. Norris wangu hajambo, ila goti. Gillian binti yangu hajambo, amekonda kwa kunyonyesha. Mumewe Adrian hajambo, anakula vizuri. Heather, mjukuu wangu wa miezi mitano, hajambo, hajambo, hajambo! Mashavu kama mikate. Mbwa Kipper hajambo. Bwana Clegg wa nyumba ya pili hajambo, namsikia akikohoa ukutani. Na mkwe mwenzangu, Bibi Muriel Fairbrother, mamake Adrian, hajambo. Huyo hajawahi kuwa na jambo.

Sasa habari. Jana wote walikuwa kwetu kwa chakula cha mchana. Nyama ya kuoka, viazi, mchuzi, pudini. Baada ya pudini, ukaletwa ubao wa mchezo wa herufi, kama kila Jumapili tangu watoto waoane. Jumapili moja kwangu, Jumapili moja kwa Bibi Fairbrother, mwaka wa tatu huu. Unachomoa vigae saba vya mbao kifukoni, kila kigae na herufi yake, unaunda neno ubaoni. Bibi Fairbrother alikuwa mwalimu mkuu. Mimi niliacha shule nikiwa mtoto nikaingia kiwanda cha kufuma. Yeye anaunda maneno yenye Q. Mimi naunda PIE, pai basi.

Gillian akauliza Krismasi wale wapi. Nikasema popote, kipenzi, msitujali sisi. Bibi Fairbrother akasema popote, hakika, popote. Nikasema la, kwa Bibi Fairbrother. Akasema la, la, kwa Bibi Ogden, yaani kwangu. Tukarushiana hivyo mpaka chai ikapoa. Ndipo Adrian, keki mdomoni, akasema basi mchezo uamue. Jumapili ya tarehe 21, hapa kwetu, tucheze mama wawili tu. Mshindi ndiye mwenye Krismasi. Tukajibu kwa pamoja kwamba hilo ni wazo zuri ajabu.

Wazo baya kupita yote! Krismasi ya kwanza ya Heather! Nyumba ya Bibi Fairbrother ni ndogo, Jumapili mimi na Norris hula sahani magotini, meza yake haitatosha Krismasi. Watoto wakienda huko, mimi na Norris tutabaki tunatazamana na bata mzinga katikati. Leo nimeunguza mikate kwa mawazo.

Jumanne, 9 Desemba

Nimempelekea Bwana Clegg pai ya nyama na viazi. Huyo anacheza mchezo huu kwenye klabu ya maktaba, ana kikombe juu ya televisheni. Nikamwambia nataka kujifunza kidogo, kujifurahisha tu. Akaitazama pai. Akasema hakuna mtu anayepamba pai kwa majani ya unga kwa ajili ya kujifurahisha. Nikamweleza yote.

Bwana Clegg ni dhahabu! Anasema nisihangaike na maneno yote ya Kiingereza, umri wangu hautatosha. Nishike ukoo mmoja. Akapanga herufi saba kati ya makombo: A, E, I, N, R, S, T. Akazisogeza, ikawa RETAINS, kushikilia kitu usikiachie. Akazivuruga, ikawa NASTIER, mwenye roho mbaya kumpita mwenzake. Akavuruga tena, STAINER, mtia madoa. Halafu RETINAS, vitu vya ndani ya macho. Halafu STEARIN, mafuta ya kutengenezea mishumaa. Halafu RETSINA, mvinyo wa Wagiriki. Herufi zilezile! Ndugu wa tumbo moja, kila mmoja na tabia zake. Na ukizimwaga zote saba kwa mpigo, unazawadiwa pointi hamsini.

Nimerudi nyumbani narukaruka kama msichana. Kipper nilimsahau kwa Bwana Clegg. Amekula pai.

Alhamisi, 11 Desemba

Maneno hayakai kichwani. Nikisuuza sufuria moja, neno moja limeshakwenda na maji. Kwa hiyo nimeyatia kwenye wimbo wa kanisani, ule tunaouimba kwa mavuno. Yameingia sawasawa, isipokuwa RETSINA, inabidi niivute kidogo mwishoni. Nimeimba nikimenya viazi. Nimeimba nikifua.

Tatizo ni Norris. Ameudaka wimbo. Leo ameuimba buchani, na mwenye bucha, akidhani ni Kilatini, akamuuliza kama tumehamia kanisa la Wakatoliki.

Jumapili, 14 Desemba

Zamu ya Bibi Fairbrother. Kabichi yake ngumu kama kawaida, nikasema tamu sana, nikaongezwa. Ndiyo faida ya kusifu.

Kisha mchezo. Mchezo wa mazoezi tu, lakini nilikwenda nimejaa wimbo mpaka kooni. Nikatia mkono kifukoni. Nikatoa U, U, I, V, I, O, I. Ukoo gani huo? Ule wa wagonjwa. Nikavuta tena na tena, wale ndugu zangu saba hawakunijia hata mara moja wote pamoja. Bibi Fairbrother akaweka neno lenye Z na X, akaifuta miwani yake polepole.

Sijui ningefanyaje bila Norris. Olive unajua, lakini naandika ili ikae: mimi na Norris tulikuwa wote kiwandani, na kwenye kelele za mitambo ya kufuma sauti ya mtu haifiki popote. Wafumaji husema kwa midomo mitupu, unaikunja na kuipanua, mwenzako ng'ambo ya mitambo anasoma. Basi kila Jumapili mimi na Norris tunasemeshana hivyo juu ya vichwa vya watu, na hakuna ajuaye. Leo nikamwambia mwanamke huyu amemeza kamusi na makaratasi yake. Norris akasema huenda ndiyo maana kabichi haimpiti. Nikakaribia kupaliwa na chai. Kisha nikamwambia, na hili sikucheka, kwamba watoto wakija hapa kwa Bibi Fairbrother Krismasi mimi nitakufa. Norris akasema nisife, kuna keki.

Njiani kurudi nikapata mwanga. Maneno bila herufi ni kuku bila mayai. Na tarehe 21 tutatumia kifuko cha nani? Changu!

Jumatatu, 15 Desemba

Mpango wa kwanza: jemu. Nimepaka tone la jemu nyuma ya vile vigae saba. Nikitia mkono kifukoni, chenye kunata ndicho changu. Nikavianika vikauke kidogo kwenye kigoda karibu na moto. Nikaenda kufungua mlango, ilikuwa posta. Narudi, Kipper amekaa kando ya kigoda, analamba pua. Sita vipo, vinang'aa. R haipo.

Nimemwinua kichwa chini. Nimempa mafuta ya samaki. Nimemtembeza uani mara nyingi nikitazama nyuma yake kwa makini, Bwana Clegg akatoa kichwa juu ya ukuta na kuniuliza kama kila kitu kiko salama. Nikasema salama kabisa, hali ya hewa nzuri. Ilikuwa mvua.

R ziko nyingine, lakini vigae lazima vitimie. Bibi Fairbrother huvihesabu vyote kabla ya mchezo, kama alivyokuwa akiwahesabu wanafunzi wanaporudi kutoka matembezini.

Jumatano, 17 Desemba

Norris amechonga R mpya kutoka kwenye kibanio cha nguo! Nilimwambia aifanye ya kawaida. Mwanamume huyu hawezi. Ameitia mkia wa maua. Nzuri mno, ingefaa kuvaliwa kanisani.

Lakini nilipoishika nimefumba macho, niliijua papo hapo. Kumbe jemu ya nini? Nikachukua msasa wa Norris nikazisugua zile sita nyingine pembe zake, taratibu, taratibu. Sasa zote saba nazijua kwa vidole kama ninavyojua pamba nzuri na mbaya.

Mazoezi nimefanya stoo ya chakula, gizani, mkono juu ya kichwa ndani ya kifuko, maana sheria inasema kifuko kiinuliwe juu ya macho. Natoa A. Natoa T. Naimba. Mlango ukafunguka. Gillian, na Heather kiunoni.

Akanitazama. Akauliza ninafanya nini. Nikasema natafuta zabibu kavu. Akanikalisha kitini, akaniwekea maji ya chai. Uso wake ulikuwa umenywea. Akasema, "Mama, kuna jambo linakusumbua? Niambie tu. Lolote."

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Njooni kwetu Krismasi, basi, maneno mafupi hata mimi ningeweza kuyaunda ubaoni. Lakini mtu huwezi kumwambia mtoto hivyo. Ataona anasukumwa. Nikasema hakuna kitu, kipenzi, sijambo kabisa, chukua keki.

Alipoondoka nilimwona dirishani akimwambia Norris kitu kwa sauti ya chini. Norris akatikisa kichwa na kuimba kidogo.

Jumamosi, 20 Desemba

Kesho ndiyo kesho. Bata mzinga nimeshamwagiza, ingawa sina haki naye bado. Nimepanga viti nione kama vinatosha: mimi, Norris, Gillian, Adrian, kiti kirefu cha Heather, na kile cha chumbani chenye mto wa mgongo, cha Bibi Fairbrother, mgongo wake hautaki baridi. Vinatosha. Nimevirudisha upesi kabla Norris hajauliza.

Jumapili, 21 Desemba

Lazima niandike yote kabla sijalala.

Wamefika mchana. Nimekula viazi viwili tu. Bibi Fairbrother naye kala kidogo, nikamwonea huruma, nikaacha, si siku ya huruma. Meza ikafutwa. Adrian akashika kalamu ya pointi. Gillian akakaa karibu yangu akinitazama kama mtu anayeangalia maziwa yasichemke. Norris akachukua Heather akasimama mlangoni mwa jiko, nyuma ya Bibi Fairbrother, nami namwona vizuri.

Bibi Fairbrother akavihesabu vigae. Vimetimia. Akakisimamisha kimoja kati ya vidole, akakipapasa pembeni. Akakirudisha kifukoni.

Mgeni huchomoa kwanza. Akachomoa. Kisha mimi. Nikainua kifuko juu kabisa. Pembe laini. Pembe laini. Mkia wa maua! Nikapata wote. Wote saba, dada! Nikawapanga mbele yangu kama watoto wa ubatizo. Na mgeni akichomoa kwanza, mwenyeji ndiye huanza kuweka, yaani mimi!

Na kichwa kikawa cheupe kama shuka.

Hakuna wimbo. Hakuna Mgiriki, hakuna mshumaa. Nikazitazama herufi nazo zikanitazama. Adrian akasema hakuna haraka. Saa ya ukutani ikawa inasema kuna haraka. Nikainua macho kwa Norris. Naye pale mlangoni akaanza, kwa mdomo wa kiwandani, mpana kama lango: RE-TAINS. Heather mikononi mwake akafurahi, akaanza naye kupanua mdomo, wakawa wawili. Nikaziweka ubaoni moja moja. RETAINS. Kushikilia usiachie.

Adrian akapiga meza kwa furaha. Gillian akanibusu shavu. Pointi hamsini juu!

Bibi Fairbrother akaitazama R yangu yenye maua kwa muda mrefu. Akasema ni herufi ya kupendeza sana. Kisha akaweka neno lake. AT. Nikadhani ananivutia mtegoni. Zamu yake ikarudi, akaweka TO. Halafu IT. Mwalimu mkuu! Nikaanza kukasirika, nikaona ananicheza shere. Nikajibu kwa maneno makubwa ya kwangu, GRAVY ya mchuzi, DUSTER ya kufutia vumbi, na PIE pia. Nikashinda. Adrian akainama kujumlisha, akakosea, akaanza upya, na Gillian akamwinamia kumsaidia.

Nikainua macho kumtangazia Norris kimya kimya. Lakini mdomo uliokuwa unacheza ulikuwa wa Bibi Fairbrother.

Bila sauti. Mpana, mzuri, wa kiwandani kabisa.

"Mama yangu alikuwa mfumaji," ulisema mdomo ule. "Nimekuwa nikiwasoma tangu Jumapili ya kwanza. Mumeo namwona kwenye kioo."

Kioo! Kile cha juu ya moto, nyuma ya kiti changu. Ninakifuta kila Ijumaa kwa mikono yangu mwenyewe. Nikatamani zulia linimeze. Miaka yote hiyo! Nilichosema juu ya kofia yake. Nilichosema juu ya pua yake. Kamusi na makaratasi yake!

"Kabichi ni ngumu kweli," akaendelea. "Sijui kupika. Na mchezo huu siupendi. Nimesahihisha herufi za watoto maisha yangu yote, nilitumaini Jumapili nipumzike. Nilicheza kwa sababu nyinyi mnaupenda."

Nikamwambia, kwa midomo vilevile, kwamba sisi hatuupendi, ubao Norris aliupata kwenye bahati nasibu ya kanisa, nikaupamba mezani siku ya kwanza kwa heshima yake. Akafumba macho. Mabega yakaanza kutikisika. Mimi pia nikaanza.

Gillian akageuka akauliza tunatafuna nini. Nikasema njugu.

Alipoinama tena, Bibi Fairbrother akasema, "Nimekuachia. Jumapili ile ulisema utakufa watoto wakija kwangu. Mimi nisingekufa. Ningechemsha yai."

Yai! Nikasahau kabisa kwamba tunasema kimya. Nikasema kwa sauti iliyomwamsha Kipper, "Yai gani, Muriel? Kiti chako kipo. Chenye mto."

Chumba kizima kikatugeukia. Sikuwahi kumwita Muriel. Akauliza, kwa sauti sasa, na ilikuwa sauti ndogo, kiti kipi. Nikaenda chumbani, nikakileta, nikakiweka pale pale kitakapokaa siku ya Krismasi, karibu na moto. Akakaa. Akaushika mto kwa mkono mmoja.

Gillian macho yakamlowa. Akasema kama ningesema tangu mwanzo kwamba nawataka kwetu, wangekuja, wala asingekuwa amemuuliza daktari habari za stoo ya chakula. Nikamwambia mambo mengine, kipenzi, hayasemeki hivi hivi.

Ijumaa, 26 Desemba

Krismasi! Siwezi kuieleza, lakini naieleza. Bata mzinga kaiva. Wote tumevaa taji za karatasi, ya Heather ikamshuka mpaka shingoni akaila. Muriel alikuja na kabichi yake, tukampa Kipper, Kipper akaikataa. Wakati Adrian anasimulia habari za gari lake, mimi, Norris na Muriel tulisemeshana kimya juu ya kichwa chake mchana kutwa. Muriel ana ulimi mkali kuliko wetu sote! Alichosema kuhusu soksi za mchungaji siandiki.

Na R ya Kipper imepatikana. Ndani ya kiatu cha Norris. Mbwa hana hatia, nimempa ngozi ya bata.

Kisha zawadi. Yangu kutoka kwa Muriel ilikuwa kubwa, bapa. Ubao mpya wa herufi, unaozunguka, vigae vya plastiki. Alishaununua Novemba, maskini. Macho yetu yakakutana. Adrian na Gillian wanatazama, wanatabasamu. Nikasema lo, ndicho hasa nilichokuwa nakitamani. Muriel akasema nilijua utakipenda. Adrian akasafisha koo, akasema kwa kuwa mama wote wawili mnaupenda mchezo kiasi hiki, basi na chakula cha ubatizo wa Heather, Pasaka, tukiamue hivyo hivyo. Tukasema kwa pamoja, wazo zuri ajabu.

Jikoni, tukikausha sahani, Muriel aliniuliza bila sauti kama kweli ningependa ubatizo uwe kwangu, au afanye yeye, niseme ukweli wangu. Nikamwambia kwa midomo ya kiwandani, ile isiyojua kuficha, popote tu, mpenzi, usinijali mimi. Akasema na yeye vilevile, popote.

Uongo mtupu! Keki ya ubatizo nimeshaianza kichwani, ghorofa mbili, njiwa wa sukari juu. Na yeye, nimemwona, ameazima kitabu cha mapishi.

Basi nimejifunza jambo moja kubwa mwezi huu: msasa unafanya kazi. Lakini plastiki haisuguliki. Nimejaribu leo asubuhi, inabaki alama nyeupe. Na kioo lazima kiondoke ukutani, nitasema kimelegea. Nimemwendea Bwana Clegg na pai ya pili. Anasema upo ukoo mwingine wa herufi, mkubwa kuliko ule, lakini anadai pai kwa kila ndugu, na unga umeniishia.

Olive, dada yangu, yule jirani yako uliyesema anafumbua mafumbo ya gazetini kwa wino, muulize. Herufi saba, watoto wengi, na wanaoimbika. Msalimie mumeo, wasalimie kondoo, halafu kaa uniandikie leo leo, kwa ndege, si kwa meli. Pasaka haiko mbali. Na usiweke jina la Muriel juu ya bahasha wala ndani yake, huyo anasoma kila kitu.